Kutoka Kidato cha Nne hadi Kwenye Sare: Yanayomsubiri Kijana wa Liparamba

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Januari, maelfu ya familia nchini hujiuliza swali moja: hatua inayofuata ni ipi? Kwa wenye sifa za kuendelea na kidato cha tano, jibu huja baadaye pamoja na orodha ya waliochaguliwa. Kwa wengine, macho huelekea kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na kwenye tovuti za Serikali, wakisubiri tangazo la nafasi za Jeshi la Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au taasisi za uhifadhi.

Katika Kata ya Liparamba, Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, swali hilo lina uzito wa pekee. Kata hiyo ipo katika wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga, jirani na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na jina lake ndilo linalobebwa na Pori la Akiba Liparamba, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 570. Mtoto anayekulia huko humwona mtu mwenye sare mapema maishani: askari wa uhifadhi akitoka doria, ofisa wa Uhamiaji akikagua hati za wasafiri, askari polisi akifika kijijini kuchukua maelezo ya mlalamikaji. Mbali na shamba la mahindi au kahawa, na mbali na uvuvi wa Ziwa Nyasa, sare ni miongoni mwa ajira chache za mshahara ambazo kijana huyo anaweza kuziona kwa macho yake.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza sera ya elimu bila ada hadi kidato cha nne, idadi ya vijana wanaofikia hatua hiyo imeongezeka, na ushindani wa nafasi zinazotaka cheti hicho umeongezeka nao. Ni muhimu basi kwa wananchi kuelewa kile ambacho matangazo haya yanataka na, zaidi ya hapo, kazi yenyewe inataka nini kwa kijana aliyetoka darasani jana.

Milango mitatu isiyofanana

Mara nyingi vijana na wazazi huzungumzia "kwenda jeshini" kana kwamba ni njia moja. Kwa hakika kuna milango mitatu, na kila mmoja una masharti yake.

Mlango wa kwanza ni wa vyombo vilivyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, yaani Polisi, Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji. Vyombo hivi huchukua wahitimu wa kidato cha nne moja kwa moja, na mafunzo ya awali hutolewa na chombo chenyewe baada ya mwombaji kuchaguliwa. Askari polisi wapya huandaliwa katika Shule ya Polisi Moshi, na askari wa Magereza katika chuo cha Kiwira mkoani Mbeya. Matangazo ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamewataka wahitimu wa kidato cha nne wawe na umri wa kati ya miaka 18 na 25, wawe raia wa Tanzania, wasiwe na kumbukumbu za uhalifu, wasiwe wameoa au kuolewa wala kuwa na mtoto, wasiwe na michoro ya kudumu mwilini, na wawe tayari kufanya kazi mahali popote nchini.

Sharti la ufaulu nalo lisomwe kwa makini. Daraja la nne katika mtihani wa kidato cha nne huanzia alama 26 hadi 33, lakini matangazo hayo ya Polisi yamekuwa yakikubali alama 26 hadi 28 pekee ndani ya daraja hilo. Kijana mwenye alama 30 amefaulu mtihani, ila hajafikia kiwango hicho. Tofauti ya alama mbili, ambayo darasani huonekana ndogo, ndiyo inayoweza kuamua iwapo barua yake itasomwa.

Mlango wa pili ni JKT, jeshi lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Mhitimu wa kidato cha nne huingia kwa kujitolea, kwa mkataba wa miaka miwili, akipitia ofisi za wilaya na mkoa wake. Mkoani Ruvuma lipo kambi la Mlale, wilayani Songea, ingawa kijana anaweza kupangiwa kambi lolote nchini. Jambo ambalo JKT hulirudia katika matangazo yake, na ambalo wazazi wengi hulipita bila kulisoma, ni kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama. Linatoa mafunzo ya uzalendo, ukakamavu na stadi za kujitegemea. Ni kweli kwamba baadhi ya matangazo ya ajira huwapa kipaumbele waliopitia JKT, lakini kipaumbele ni kitu kimoja na ahadi ni kitu kingine.

Mlango wa tatu, ulio karibu zaidi na maisha ya Liparamba, ni wa uhifadhi. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanza kazi rasmi Julai 2016, ndiyo yenye dhamana ya mapori ya akiba. Hapa cheti cha kidato cha nne peke yake kwa kawaida hakitoshi. Mwombaji wa nafasi ya askari wa uhifadhi hutakiwa kuwa pia na astashahada inayohusiana na fani hiyo. Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, jijini Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1966, hutoa mafunzo ya ngazi hiyo kwa kuunganisha usimamizi wa wanyamapori na utekelezaji wa sheria. Ndani ya Mkoa wa Ruvuma kwenyewe, kituo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo kimekuwa kikiwaandaa askari wa wanyamapori wa vijiji, wale wanaochaguliwa na vijiji vyao kulinda maliasili za jamii.

Kwa nini uhifadhi ukawa jeshi

Kuelewa masharti hayo kunahitaji kurudi nyuma kidogo. Sensa ya mwaka 2009 ilionesha kuwa Tanzania ilikuwa na tembo 109,051. Kufikia mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43,330. Ujangili wa miaka hiyo uliendeshwa na mitandao yenye fedha na silaha, na kusini mwa nchi ndiko kulikoathirika zaidi. Askari wa wanyamapori waliozoea kukabiliana na mwindaji wa kitoweo walijikuta mbele ya watu wenye bunduki za kivita.

Mwitikio wa Serikali ulikuwa kubadili mfumo wa taasisi za uhifadhi kutoka utumishi wa kiraia kwenda mfumo wa kijeshi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliliweka kisheria Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, linalojumuisha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, TAWA na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kwa mabadiliko hayo, kijana anayeingia katika uhifadhi anaingia kwenye utumishi wenye vyeo, amri, kwata na nidhamu ya kijeshi, huku akibaki na wajibu wa kitaalamu wa kumjua mnyama, msitu na sheria.

Nguvu ya sheria mikononi mwa kijana wa miaka 20

Matangazo ya ajira hutaja urefu, umri na afya. Hayasemi kwa kina kile ambacho askari atakabidhiwa baada ya mafunzo, nacho ni mamlaka juu ya uhuru wa mtu mwingine. Hapa ndipo uzito wa suala hili ulipo.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inampa ofisa aliyeidhinishwa uwezo wa kupekua na kukamata. Kwa upande mwingine, adhabu ya kosa la kupatikana na nyara za Serikali, linaposhtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, inaweza kufikia kifungo cha miaka 20 hadi 30. Askari wa umri wa miaka 20 anayesimama mlangoni mwa nyumba kijijini anaweza, kwa kazi ya usiku mmoja, kuanzisha safari itakayomweka mtu gerezani kwa muda mrefu kuliko umri wa askari mwenyewe.

Kwa sababu hiyo sheria imeweka vizingiti. Kuingia katika nyumba ya kuishi bila hati ya upekuzi kunahitaji kuwepo kwa shahidi huru. Vitu vinavyochukuliwa huorodheshwa na kutolewa stakabadhi yenye saini za wahusika. Mtuhumiwa hukabidhiwa polisi na kufikishwa mahakamani kwa wakati. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inamlinda kama mtu asiye na hatia mpaka itakapothibitika vinginevyo, na inakataza kumtesa.

Mashauri mengi ya aina hii huanguka mahakamani kwa sababu ya karatasi. Mahakama ya Rufani imesisitiza katika hukumu mbalimbali kwamba safari ya kielelezo, kuanzia kilipokamatwa hadi kinapowasilishwa mahakamani, ionekane katika kumbukumbu: nani alikichukua, alimkabidhi nani, lini, na kilitunzwa wapi. Nyamapori ni mfano mzuri. Nyama huoza, hivyo hakimu huombwa kutoa amri ya kuiharibu kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakama hiyo imeeleza kuwa mtuhumiwa anapaswa kuwepo mbele ya hakimu na kupewa nafasi ya kusikilizwa kabla ya amri hiyo kutolewa. Askari asiyelijua hilo anaweza kumkamata jangili halisi akiwa na nyara halisi, na bado mtu huyo akaachiwa huru. Kinyume chake pia kinawezekana: kumbukumbu zilizoandikwa ovyo zinaweza kumtia mtu asiye na hatia katika misukosuko ya miaka.

Hili linabadili maana ya sifa ya kidato cha nne. Watu wengi huichukulia kama kizingiti cha kupunguza idadi ya waombaji, na hudhani kwamba baada ya kukivuka, kinachobaki ni mbio na kwata. Katika kazi ya kila siku, mambo ni tofauti. Askari huandika maelezo ya mashahidi, hujaza daftari la matukio, huandaa orodha ya vielelezo, na siku ya kesi husimama kizimbani akiulizwa maswali na wakili juu ya kila neno aliloandika. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyoifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya utoaji haki, hakuna tena kisingizio cha lugha ngeni. Mwanafunzi wa Liparamba anayejifunza leo kuandika ripoti, kupanga hoja na kutofautisha alichokiona na alichosimuliwa, tayari anajifunza kazi ya askari.

Funzo la mwaka 2013

Historia ya karibuni inaonesha gharama ya nguvu isiyosimamiwa vizuri. Oktoba 2013 Serikali ilizindua Operesheni Tokomeza, iliyounganisha vyombo mbalimbali dhidi ya ujangili. Lengo lake lilikuwa halali na dharura ilikuwa kweli. Hata hivyo, ndani ya wiki chache taarifa za wananchi kuteswa, kunyang'anywa mali na hata kupoteza maisha zilifika bungeni, na tarehe 1 Novemba 2013 operesheni ikasitishwa. Desemba mwaka huo, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, uteuzi wa mawaziri wanne ulitenguliwa, na baadaye Rais akaunda tume ya uchunguzi.

Tukio hilo linabaki kuwa somo kwa kila anayetaka kuvaa sare. Waliowajibika kisiasa walikuwa viongozi wa juu, lakini vitendo vyenyewe vilitendeka vijijini, kati ya askari na mwananchi, mbali na waandishi wa habari. Ujangili hauwezi kudhibitiwa bila taarifa kutoka kwa wananchi, na mwananchi aliyeumizwa hatoi taarifa. Katika eneo la mpakani kama Liparamba, ambako njia za porini zinajulikana zaidi na wenyeji kuliko na ramani, kupoteza imani ya kijiji ni kupoteza macho na masikio ya doria nzima.

Askari na ndugu zake

Lipo jambo jingine ambalo vijana hulitambua wakiwa wamekwisha kula kiapo. Sharti la kuwa tayari kufanya kazi popote lina maana mbili. La kwanza, kijana aliyeombea kazi akitarajia kulinda pori la nyumbani anaweza kupangiwa Kigoma au Mara, na kuwaona wazazi wake wakati wa likizo tu. La pili, akipangiwa karibu na nyumbani, mtu atakayekutana naye porini akiwa na nyaya za kutegea wanyama anaweza kuwa mjomba wake au rafiki aliyekaa naye dawati moja.

Watumishi wa uhifadhi hukutana na majaribu hayo pia upande wa malalamiko. Mkulima ambaye shamba lake limeharibiwa na wanyamapori anastahili kufuatilia kifuta jasho, na familia iliyopoteza mtu inastahili kifuta machozi, kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2011. Mara nyingi askari kijana ndiye wa kwanza kufika shambani. Anatarajiwa kupokea hasira bila kujibu kwa hasira, kuandika tathmini kwa haki, na kueleza utaratibu kwa mzee ambaye kwa umri ni sawa na babu yake. Kumwamkia mzee huyo kwa heshima kabla ya kufungua daftari ni sehemu ya kazi, kwani mwananchi huipima Serikali kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Je, umri wa miaka 18 au 20 unatosha kubeba hayo yote? Wapo wanaoona ni vema kijana amalize kwanza kidato cha sita au chuo, apate upeo zaidi. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa mwenye sifa za kuendelea na masomo, kuiacha nafasi hiyo kwa haraka ya mshahara kunaweza kumgharimu katika vyeo vya baadaye. Wapo pia wanaosema kijana hufundishika zaidi akiwa bado mbichi, na kwamba familia nyingi haziwezi kusubiri. Hoja zote mbili zinakutana mahali pamoja: kidato cha nne ni mwanzo wa mafunzo. Anayekubali kuendelea kusoma akiwa kazini ana nafasi ya kukua. Anayeichukulia sare kama mwisho wa shule hubaki alipoanzia.

Maandalizi kabla ya tangazo

Muda wa kupokea maombi kwa kawaida ni mfupi, na wengi hukosa nafasi kwa sababu ya nyaraka. Jambo la kwanza ni majina. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na lililo kwenye cheti cha mtihani, marekebisho yake huchukua muda na ni vema yafanywe mapema, hata kabla ya usajili wa mtihani. Jambo la pili ni Kitambulisho cha Taifa au namba yake. Usajili huo ni kwa aliyefikisha miaka 18, hivyo kijana anayemaliza shule akiwa na miaka 17 anapaswa kupanga kwenda kujisajili mara atakapofikisha umri huo, bila kusubiri tangazo litoke. Jambo la tatu ni rekodi ya mwenendo. Ugomvi wa kilabuni, kesi ya kuchoma msitu au kukutwa na kitoweo kisicho halali ni mambo yanayoweza kufunga mlango kabla haujagongwa.

Jambo la nne linahusu fedha. Kila msimu wa ajira hujitokeza matapeli wanaodai kuwa na "nafasi mkononi", na wapo wazazi wanaouza ng'ombe au kahawa iliyo bado shambani ili kuwalipa. Maombi ya Jeshi la Polisi hutumwa kupitia mfumo wake wa ajira wa kielektroniki, ya taasisi nyingi za umma kupitia Sekretarieti ya Ajira, na ya JKT ya kujitolea kupitia ofisi za Serikali za wilaya na mkoa. Nafasi hizi haziuzwi. Kutoa au kupokea fedha ili kuzipata ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, na anayeombwa fedha anapaswa kutoa taarifa TAKUKURU. Ikumbukwe pia kwamba mtu aliyenunua mamlaka ya kukamata wenzake ana sababu ya kutafuta namna ya kurudisha fedha zake, na atakayezilipa ni mwananchi wa kawaida.

Wajibu wa pamoja

Maendeleo yanayofanyika Nyasa, ikiwemo barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay na ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay, yataongeza mwingiliano wa watu na bidhaa kati ya Tanzania na majirani zake, na kwa hiyo mahitaji ya Polisi, Uhamiaji, forodha na uhifadhi. Vijana wa wilaya hiyo wana haki ya kushindania nafasi hizo sawa na vijana wengine wote nchini.

Ili washindane vizuri, shule zina wajibu wa kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne masharti halisi ya kila chombo, ikiwemo suala la alama. Watendaji wa kata na vijiji wana wajibu wa kubandika matangazo kwa wakati na kuwaelekeza wananchi kwenye vyanzo rasmi. Wazazi wana wajibu wa kukagua majina kwenye vyeti vya watoto wao, na wa kukataa mkono wa tapeli hata anapokuja na jina la mtu mkubwa.

Kijana mwenyewe anabaki na wajibu ulio mzito kuliko yote. Siku atakapovaa sare, wenyeji wa kijiji atakachopangiwa hawatajua alipata daraja gani wala alikimbia mbio kwa dakika ngapi. Watajua kama alibisha hodi, kama alimwita shahidi, kama aliandika alichokiona, na kama stakabadhi aliyoiacha mezani ilikuwa ya kweli.